Mlembe, Ndege Aongozaye Watu kwenye Asali

Watu wengi wakiulizwa habari za akili za wanyama humkumbuka sungura wa hadithi, jinsi alivyomdanganya fisi na kumcheza simba shere. Lakini akili za sungura huyo ni akili za mtu aliyetunga hadithi. Sungura wa porini hana hata moja ya hila zile. Sisi twataka kueleza habari za kiumbe ambaye hakutiwa akili na msimulizi, naye ni mlembe, ndege mdogo aongozaye watu kwenye asali. Habari zake zimeandikwa kwa muda wa miaka zaidi ya 400. Zilitiliwa shaka, kisha zikathibitishwa, na katika mwendo huo mna mambo yawapasayo wenye kazi ya kufundisha.

Mlembe ni wa rangi ya kijivu na udongo, na uzito wake ni kama gramu 50 tu. Dume ana koo jeusi na baka jeupe shavuni. Chakula apendacho ni nta pamoja na majana ya nyuki, na viumbe wawezao kupata nguvu kwa kula nta ni wachache sana duniani. Lakini nyuki wetu ni wakali, na masega yaliyomo ndani ya pango la mti hayafikiwi na mdomo wake. Mtu naye ana moto na shoka, ila hana mabawa ya kuzunguka pori zima akichungulia kila tundu. Basi kila mmoja anacho asichonacho mwenziwe.

Katika maandiko tuliyo nayo, mmoja wa watu wa kwanza kumtaja ndege huyu ni João dos Santos, padre Mreno wa shirika la Wadominiko, aliyefika Sofala mwaka 1586. Aliona ndege wadogo wakiingia kanisani na kudonoa mishumaa ya nta, akaandika pia kwamba ndege hao huwaita watu na kuwapeleka palipo na nyuki. Kitabu chake kilipigwa chapa Évora mwaka 1609. Padre mwingine angaliwafukuza kwa fimbo tu, na habari ingaliishia hapo. Mwaka 1777 Anders Sparrman, mtaalamu wa Uswidi aliyesafiri katika nchi ya Rasi, aliwapelekea wataalamu wa London maelezo yake, akimhesabu ndege huyu katika jamaa ya kekeo.

Hata hivyo, kwa muda mrefu wako waliosema kwamba hizi ni ngano za wenyeji tu: ndege hurukaruka ovyo, mtu humfuata, na kwa kuwa nyuki ni wengi porini, hakosi kuwaona. Shaka hiyo haikuwa ya kipumbavu. Kosa lake lilikuwa moja, kwamba waliokuwa wakimfuata ndege tangu utoto hawakuhesabiwa kuwa mashahidi. Ilipata mwaka 1989 ndipo Hussein Isack, Mkenya wa Makumbusho ya Taifa, pamoja na Mjerumani Heinz-Ulrich Reyer, walipotangaza kazi waliyoifanya kwa miaka 3 kati ya Waborana wa kaskazini ya Kenya. Waborana walisema kwamba mlembe huwaonyesha mambo matatu: upande waliko nyuki, umbali wao, na hatimaye kwamba wamefika. Wataalamu hao hawakuridhika kusikia. Walipima kila safari. Wakaona kwamba upande aurukiao ndege ndio waliko nyuki kweli. Kwamba kadiri wanavyokaribia, hupumzika mara kwa mara zaidi na kutua matawi ya chini zaidi. Na kwamba wakifika hubadili sauti, akatulia. Mtu atafutaye bila ndege katika nchi asiyoizoea alipata nyuki kwa saa 8.9, mwenye ndege alipata kwa saa 3.2. Nao walihesabu siku za kufanikiwa tu, hivyo faida ya kuwa na ndege ni kubwa kuliko hesabu yenyewe. Katika viota vya nyuki walivyoviona, 96 katika kila 100 ndege asingaliweza kuvila kabla mtu hajavifungua. Neno la wazee wa Borana lilisimama lote.

Jambo la pili ni la sauti, nalo lawahusu hasa wapendao lugha. Ndege huwaita watu, na watu nao humwita ndege. Waborana hupiga mbinja kwa kupuliza viganja vilivyofumbwa, au kombe la konokono, au kokwa ya mkoma. Wayao wa Niassa, katika Msumbiji, hutetemesha ulimi kisha huguna. Mwaka 2016 Claire Spottiswoode na wenziwe walitangaza kwamba mwindaji akitembea na sauti hiyo ya Kiyao, nafasi yake ya kuongozwa ni kama 66 katika 100. Kwa sauti nyingine zozote ni 33. Na nafasi ya kupata nyuki ilipanda toka 16 hata 54. Ndipo mwaka 2023 Spottiswoode na Brian Wood wakafanya jaribio tunaloliona kuwa zuri kuliko yote: walipeleka sauti ya Wayao kwa Wahadzabe walio karibu na Ziwa Eyasi, na mbinja ya Wahadzabe kwa Wayao. Ndege wa Eyasi waliitikia mbinja ya kwao zaidi ya mara 3 kuliko sauti ya ugenini. Na wale wa Niassa waliitikia sauti ya Kiyao karibu mara 2 kuliko mbinja. Ndege ni wa aina moja, ila kila mmoja anaijua lugha ya jirani zake.

Je, hizi ni akili au ni silika? Mlembe hutaga katika kiota cha ndege wengine, na kinda lake huzaliwa na ndoana mdomoni ambayo huwaulia makinda wenye nyumba. Halelewi na mama yake, wala walezi wake hawajui habari za kuongoza watu. Kwa hiyo hamu ya kuongoza yaelekea kuwa ni ya kuzaliwa nayo. Lakini hakuna azaliwaye akijua kwamba mbinja hii ni ya mtu wa asali na ile ni ya mchunga mbuzi. Hilo lazima alijifunze. Ajifunzaye maana ya sauti ya watu wa mahali pake, sisi hatuoni sababu ya kumnyima neno akili, ijapokuwa mwanzo wa kazi yake ni silika. Hata mtoto wa shule huja na ulimi tayari, bali maneno huyapata kijijini.

Wengi husema kwamba ukimnyima mlembe fungu lake, siku ya pili atakupeleka kwa nyoka au simba. Hilo halijathibitishwa. Wayao humtandikia majani na kumwekea nta juu yake. Wahadzabe mara nyingi huichoma au kuificha, ili ndege akae na njaa na kuongoza tena, naye huendelea kuja. Kuhusu nyegere, ambaye yasemwa naye huongozwa, wawindaji karibu 400 wa nchi 9 waliulizwa, na walio wengi hawakupata kuona jambo hilo. Lakini Wahadzabe wengi walisema wameliona kwa macho.

Herbert Friedmann, Mmarekani aliyetoa kitabu kizima juu ya ndege hawa mwaka 1955, aliandika kwamba mahali ambapo watu wameacha kutafuta asali ya porini, walembe nao huacha kuongoza. Tangu hapo sukari imefika kila duka, na vijana wengi hawajui tena mbinja ya babu zao. Mbinja hizo si maneno, kwa hiyo hazimo katika kamusi yoyote. Twawaomba wasomaji walio katika wilaya zenye warina asali wawaulize wazee: mlembe huitwaje kwa lugha ya kwao, huitwa kwa sauti gani, na hupewa nini asali ikiisha kutolewa. Majibu yaandikwe na jina la kijiji, kwa kuwa sauti ya kijiji kimoja huenda isiwe ya kijiji cha pili.