Makasha Bila Injini

Ukiiona BD-5 imeegeshwa karibu na Cessna ya kawaida, utadhani ni mwanasesere wa mtoto wa tajiri. Urefu wake ni mita 4 na kidogo. Rubani wake hakai wala halali, yuko katikati ya hayo mawili: mgongo umeegemea nyuma, miguu imenyooshwa kuelekea puani mwa ndege, na kioo kimemfunika kama nusu ya yai. Toleo lake la jeti, BD-5J, liliingia kwenye kitabu cha rekodi cha Guinness kama ndege ya jeti nyepesi kuliko zote duniani, kilo 162.7 ikiwa tupu. Zipo pikipiki nyingi tu zenye uzito kuzidi huo.

Hata kama jina hulijui, huenda umeshaiona. Filamu ya James Bond iitwayo Octopussy, ya mwaka 1983, inaanza na Roger Moore akiitoa ndege hiyo kwenye tela la farasi. Anafukuzwa na kombora, anapenya ndani ya banda la ndege kutoka mlango huu hadi ule, halafu anatua barabarani na kujikokota hadi kituo cha mafuta akajaziwe tangi. Aliyekuwa akiirusha kwa kweli ni rubani wa maonyesho, Corkey Fornof. Watazamaji wengi walidhani ndege yenyewe ni ujanja wa kamera. Kumbe ndege ilikuwa ya kweli, na ilibuniwa ili mtu wa kawaida aiunganishe mwenyewe gerejini kwake.

Filamu ile naipenda. Lakini kila nikiitazama nawawazia watu ambao hawamo ndani yake, yaani wale waliolipia ndege hiyo na wasiipate. Historia ya ndege ndogo za jeti za kujiundia inasimuliwa mara nyingi kama hadithi ya mbio na urembo. Mimi naisoma zaidi kama hadithi ya injini, na ya swali moja ambalo mnunuzi yeyote angepaswa kuuliza kabla ya kutoa hela: injini iko wapi?

Mwenye ndege aliitwa Jim Bede, mhandisi wa Marekani aliyezaliwa 1933. Hakuwa mbabaishaji. Ndege yake ya kwanza, BD-1, ilikuja kutengenezwa kiwandani na kuuzwa kwa jina la Yankee, na ya nne, BD-4, iliuzwa kama vipande vya kuunganisha nyumbani, na watu wakaiunganisha wakaruka. Kwa hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1970 alipotangaza kwamba sasa anakuja na ndege ya mtu mmoja, ya bei nafuu, yenye sura ya ndege ya kivita, watu hawakuona sababu ya kumtilia shaka. Arbuni ilikuwa dola 200. Ukitoa hizo, unashika nafasi yako kwenye foleni.

Oda zikaja kwa maelfu kabla ndege haijaonyesha kwamba inaruka. Ile ya kwanza iliinuka Septemba 1971, ikiwa na mkia wa umbo la V, na haikutulia hewani. Mkia huo ukabidi utupwe na kuundwa mwingine. Mwili nao ulianza kwa faibaglasi ukaishia kuwa wa alumini. Hayo ni mambo ya kawaida kwa ndege mpya. Kisichokuwa cha kawaida ni kwamba wateja walikuwa wameshalipa.

Tatizo kubwa lilikaa nyuma ya mgongo wa rubani. Bede alitaka pua nyembamba, kwa hiyo injini aliiweka katikati ya mwili, na pangaboi likawa mkiani, likizungushwa kwa mikanda na shafti ndefu. Shafti ndefu ikiunganishwa na injini ndogo yenye mapigo makali hujipinda na kujinyoosha mara nyingi kwa sekunde, na mtikisiko huo unaweza kuisaga mashine yenyewe. Wahandisi wake walipambana nao kwa muda mrefu. Injini yenyewe ilibidi iwe nyepesi sana, kwa hiyo wakaangalia zile za pikipiki za kwenye theluji. Hatimaye wakategemea kampuni ya Hirth ya Ujerumani. Mwaka 1974 Hirth ikafilisika.

Hapo ndipo Bede alipofanya jambo ambalo mimi nalihesabu kuwa kosa lake hasa. Alianza kuwapelekea wateja makasha yenye kila kitu isipokuwa injini. Hebu fikiria, msomaji, wewe ni fundi umeme katika mji fulani wa Marekani. Kasha limefika. Unapiga ribiti usiku baada ya kazi, mwaka mzima, miwili. Ndege imekamilika, inang'aa, na nyuma ya kiti kuna shimo. Kampuni inakwambia subiri. Kampuni ikatafuta injini nyingine Japani, lakini hela ilikuwa imekwisha, na mwaka 1979 Bede Aircraft ikafilisika. Serikali ikamwekea masharti: kwa miaka 10 asipokee tena arbuni ya ndege yoyote.

Kati ya maelfu ya waliolipia, ndege zilizokamilika ni mamia tu. Waliochoka kusubiri walifunga walichopata, wengine hata injini za magari ya Honda. Hilo lilikuwa jambo la hatari. Injini nzito ikikaa nyuma, uzito wa ndege unarudi mkiani, na ndege yenye mkia mzito hairudi upesi katika hali yake ikiyumba. Isitoshe, katika BD-5 pangaboi linasukuma kutoka juu ya mstari wa katikati, kwa hiyo nguvu yake huishusha pua. Injini ikizimika ghafla, pua inapanda. Rubani aliyejifunzia ndege za kawaida anategemea kinyume chake. Ana sekunde chache tu za kusukuma usukani mbele, kasi haijamwishia, na usukani wenyewe ni mdogo na mwepesi mno, ukizidisha kidogo unapitiliza. Wengi waliumia au kufa katika safari ya kwanza kabisa, ndani ya ndege walizozijenga kwa mikono yao.

Katikati ya vurugu hiyo kulikuwa na kijana aitwaye Burt Rutan, aliyefanya kazi kwa Bede huko Kansas akishughulikia majaribio. Aliondoka 1974, akaenda jangwani Mojave na kufungua kampuni yake. Bidhaa yake iliyompa jina, VariEze, aliiuza kama michoro. Mteja ananunua karatasi, anaijenga ndege kwa povu na faibaglasi, na injini anaitafuta sokoni, ya aina ambayo tayari ipo. Sijui mtu huyu alijifunza nini moyoni mwake pale Kansas, lakini utaratibu wake wa biashara unasema wazi kabisa. Baadaye ndiye aliyebuni Voyager, iliyoizunguka dunia mwaka 1986 bila kuongeza mafuta njiani.

Sasa turudi kwenye jeti, maana hapa kuna jambo la kushangaza kidogo. Katika familia nzima ya BD-5, toleo la jeti, ambalo lingeonekana kuwa ndoto kubwa kuliko zote, ndilo lililosumbua kidogo zaidi. Sababu ni kwamba injini ilikuwepo. Wafaransa walikuwa na injini ndogo iitwayo TRS-18, ya Microturbo, ambayo ilitumika pia kwenye ndege za Caproni za Italia, zile za mabawa marefu zinazoelea kwa upepo, ili ziweze kupaa zenyewe. Ilitoa msukumo unaokaribia kilo 100. Ukiifunga kwenye BD-5, mikanda inaondoka, shafti inaondoka, mtikisiko unaondoka. Kilichobaki ni bomba la kuingiza hewa na bomba la kutolea moto. Katikati ya miaka ya 1970 kikosi cha Bede kilikuwa kinazunguka kwenye maonyesho na jeti hizo, na umati ukashangilia ndege isiyotumia hata injini ile waliyolipia wao.

Maana TRS-18 ilikuwa ghali mno kwa yule fundi umeme. Nadhani hapo ndipo ilipo dhuluma, hata kama haikukusudiwa: jeti iliyoruka vizuri ilikuwa tangazo la ndege isiyoweza kuruka.

Kwa nini injini ndogo ya jeti iwe ghali? Kwa sababu udogo hauirahisishi. Injini ya jeti hunyonya hewa, huibana, huichoma pamoja na mafuta, na moto unaotoka huzungusha gurudumu ambalo nalo linazungusha kile kibanio cha mbele. Ukiipunguza, magurudumu hayo yanalazimika kuzunguka kwa kasi zaidi ili ncha zake zifikie mwendo uleule. Zile za ukubwa wa chupa ya maji hupita mizunguko 100,000 kwa dakika. Halafu kuna upenyo kati ya ncha na ukuta wake. Upenyo wa unywele si kitu katika injini ya Boeing, lakini katika injini ndogo hewa nyingi huponyokea hapo, na ukiubana zaidi chuma kinasuguana.

Aliyeufungua mlango huo kwa watu wa kawaida alikuwa Mjerumani mmoja, Kurt Schreckling, ambaye mwishoni mwa miaka ya 1980 alitengeneza injini ya jeti ya ndege za mchezo nyumbani kwake. Gurudumu lake la kubania hewa lilikuwa la mbao za plaiwudi, limeimarishwa kwa nyuzi za kaboni. Ndiyo, mbao. Upande wa kubania hewa si wa moto sana, kwa hiyo mbao inavumilia. Msukumo wake ulikuwa wa kilo chache tu, lakini aliandika kitabu akaeleza kila hatua, na wengine wakaendelea kwa magurudumu ya tabo za magari. Baada ya miaka michache viwanda vilikuwa vinauza injini hizo tayari.

Wafaransa walikuwa na ndege ya kuzifungia. Cri-Cri ya Michel Colomban iliruka kwa mara ya kwanza mwaka 1973, ndege ya injini mbili yenye uzito wa kilo 78 hivi, ambayo jina lake ni la utani la binti yake Christine. Ilikuwa na vijinjini viwili vya pangaboi puani, kama masikio ya panya. Baadaye wapo waliovitoa wakaweka injini mbili za jeti zilizokusudiwa kwa ndege za mchezo, na ikaruka.

Marekani, kampuni ya Sonex ya Oshkosh, Wisconsin, ilifuata njia ileile ya kuanza na injini. Ilichukua TJ100 ya PBS, kiwanda cha Jamhuri ya Cheki, iliyokuwa tayari inatumika kwenye ndege zisizo na rubani na zile za kuelea, na kuichorea ndege ya kiti kimoja, SubSonex. Iliruka kwa mara ya kwanza Agosti 2011, ikiwa na Bob Carlton ndani. Injini imewekwa mgongoni, nje, kama mzigo wa mama na mtoto, na mkia wenye V unaiachia moto upite katikati. Inakunywa mafuta vibaya sana, tangi lake halikupeleki mbali. Anayeinunua anajua, na injini inakuja pamoja na ndege.

Yote haya yanawezekana kule kwa sababu sheria ya Marekani inamruhusu raia kurusha ndege aliyoiunda mwenyewe, mradi zaidi ya nusu ya kazi aifanye yeye, ikaguliwe, na ibandikwe neno la kuonya kwamba ni ya majaribio. Kwa jeti rubani anahitaji idhini ya ziada. Kwetu huku kila baada ya muda gazeti linaleta habari ya fundi aliyeunda ndege au helikopta kwa vyuma na injini aliyoipata, watu wakajazana kupiga picha, na mwisho wake akakatazwa kuijaribu. Sisemi mamlaka wanakosea. Waliokufa ndani ya BD-5 walikuwa na ruhusa.

Na Bede? Wapo wanaomwita tapeli. Mimi sikubali, maana tapeli hukimbia na hela, naye alizimalizia kwenye ndege. Miaka 10 ya katazo ilipokwisha alirudi na BD-10, jeti ya kujiundia iliyotarajiwa kuvuka kasi ya sauti. Iliruka 1992. Kasi ya sauti haikuivuka. Ziliundwa 5, na 3 kati yake zilianguka zikaua marubani wake, wakiwemo viongozi wa kampuni zilizorithi mradi huo. Yeye mwenyewe aliendelea kuchora ndege mpya hadi uzeeni, akafariki 2015.

Seti zake za miaka ya 1970 bado zinauzwa, mtu kwa mtu. Nyingine hazijawahi kuunganishwa. Wanaozinunua siku hizi mara nyingi ni watu wenye umri mdogo kuliko makasha yenyewe, na kitu cha kwanza wanachotafuta ni injini.