Hesabu za Walokole

Kila Juni tunapowakumbuka mashahidi wa Uganda, mahubiri huenda moja kwa moja kwenye moto wa Namugongo wa mwaka 1886. Sina neno juu ya hilo; vijana wale wanastahili kila heshima. Lakini mimi nimelelewa na Walokole, watu wa uamsho wa Afrika Mashariki, upande wa Bukoba, na gharama ya kumfuata Yesu niliyoiona kwanza ilikuwa ya shilingi, ya ng'ombe na ya aibu. Vitabu vyetu vya historia ya kanisa huipitia haraka. Nadhani bila kuielewa gharama hiyo hatuwezi kueleza kwa nini baadhi ya watu hao baadaye waliweza kutoa hata uhai.

Uamsho huo ulianzia Gahini, mashariki mwa Rwanda, kwenye hospitali ya misheni ya Kianglikana. Mwaka 1929 daktari wake Mwingereza, Joe Church, akiwa amechoshwa na njaa kubwa iliyoikumba nchi, alikwenda Kampala. Kule Namirembe akakutana na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa na kazi nzuri serikalini. Walikaa siku mbili wakisoma Biblia na kuomba. Church alirudi Gahini mtu mwingine, na Nsibambi akaacha kazi akawa mhubiri asiye na mshahara.

Miaka miwili baadaye Yosiya Kinuka, kiongozi wa wasaidizi wa hospitali ya Gahini, naye alimwendea Nsibambi akiwa na malalamiko yake: kazini hakuna amani, watu hawaelewani. Nsibambi hakumpa pole. Alimwambia kwamba chanzo cha fujo ile kimo moyoni mwake yeye Yosiya. Maneno hayo yalimchoma safari nzima ya kurudi, na alipofika aliungama mbele ya wenzake. Katika miaka iliyofuata uamsho ulivuka mipaka kwenda Uganda, Burundi, Kagera na Kenya, na popote ulipofika ulikwenda na desturi hiyo. Mtu alisimama katika ushirika akataja dhambi yake waziwazi, ndugu wakamwimbia wimbo wa Tukutendereza, kisha akaenda kwa yule aliyemkosea kurudisha alichochukua.

Kurudisha ndiko kulikouma. Babu yangu alikuwa mnunuzi mdogo wa kahawa ya maganda, na mizani yake ilikuwa na ujanja wake. Alipookoka aliitaja mizani ile mbele ya watu waliomuuzia kahawa kwa miaka mingi, wengine wakiwa wakwe na watani wake. Kisha akapita nyumba kwa nyumba akilipa kadiri alivyoweza kukumbuka. Ng'ombe waliuzwa. Bibi, ambaye wakati huo alikuwa bado hajaokoka, alinisimulia jambo hilo hadi uzeeni kwa sauti ya mtu aliyenyang'anywa, na sijawahi kuona kosa lake. Gharama ya mwanafunzi mmoja wa Yesu hulipwa na watu wengi ambao hawakuulizwa. Ndugu wa ukoo walikasirika zaidi alipoacha pombe ya rubisi, kwani mtu asiyegusa kibuyu kwenye posa na matanga alionekana amejitenga na damu yake.

Viongozi wa kanisa nao hawakufurahi. Mwaka 1941 chuo cha wachungaji cha Mukono kiliwafukuza wanafunzi 26, William Nagenda akiwa miongoni mwao, kwa kukataa kuacha ibada zao za alfajiri na mahubiri yao ya kukemea dhambi ndani ya chuo. Wengi wao hawakupata upadri kamwe.

Kisha yakaja majaribu makubwa zaidi. Katika Kenya ya hali ya hatari, kuanzia 1952, Walokole wa Kikuyu walikataa kiapo cha Mau Mau wakisema wamekwisha kuipokea damu ya Yesu, hawawezi kupokea nyingine. Wengi walikataa pia bunduki za serikali, hivyo wakashukiwa na pande zote mbili. Baadhi waliuawa. Kanisa la kumbukumbu lilijengwa Murang'a, na mchoraji wetu Elimo Njau, mzaliwa wa Kilimanjaro, akachora ukutani maisha ya Kristo mwenye sura ya Mwafrika.

Lakini anayenikaa moyoni zaidi ni Yona Kanamuzeyi, mchungaji Mtutsi wa Maranyundo, karibu na Nyamata nchini Rwanda. Januari 1964 askari walimchukua usiku, pamoja na mwenzake, hadi kwenye daraja la mto. Aliomba ruhusa ya kuandika katika kitabu chake cha kumbukumbu. Aliandika kwamba wanakwenda mbinguni, na akaweka sawa hesabu ya fedha za kanisa alizokuwa nazo, ili zifikishwe kwa mkewe. Kisha akaenda akiimba, akapigwa risasi. Aliyesimulia ni mwenzake aliyenusurika. Ninaposoma habari hiyo naona mkono uliozoea kwa miaka mingi kutolala na fedha ya mtu.

Nyamata hiyohiyo, Aprili 1994, maelfu walikimbilia kanisani wakauawa humo. Rwanda ndiyo chimbuko la uamsho, kwa hiyo swali la kwa nini uamsho haukuyazuia mauaji hayo linatuhusu. Wapo Walokole waliokufa wakiwaficha majirani, nao wasisahauliwe. Hata hivyo naamini ushirika wetu ulijifunza kutaja wizi, uzinzi na ulevi, lakini ukaogopa kutaja chuki ya kabila na uovu wa wenye mamlaka, ukiviita siasa. Janani Luwum hakuogopa. Aliokoka katika uamsho huo Januari 1948, na Februari 1977, akiwa Askofu Mkuu wa Kianglikana wa Uganda, yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Rais Idi Amin wakitaja mauaji na uonevu wa askari wake. Tarehe 16 ya mwezi huo aliuawa. Serikali ikatangaza ajali ya gari. Luwum alimfanyia rais kile ambacho Nsibambi alimfanyia Yosiya.

Siku hizi katika ushirika wa kwetu nasikia watu wakitubu kwa jumla, kwamba Bwana awasamehe pale walipokosea. Nawaomba wazee waturudishe kwenye desturi ya zamani: nimemkosea nani, kiasi gani, na nitamlipa lini.