Nani Alimpangia Fundi Bei?

Husimuliwa kwa wepesi: wakati wa Vita Kuu ya Pili kitambaa kiliadimika Uingereza, serikali ikapanga bei za nguo, raia wakatulia. Mimi nilikuwa na swali dogo tu. Mtu koti limempwaya, akalipeleka kwa fundi lipunguzwe. Je, malipo ya kazi ile nayo yalipangwa na serikali?

Nilianza na sheria ya bei ya 1939. Inazifanya bei za tarehe 21 Agosti, siku chache kabla ya vita, kuwa kipimo. Nyongeza lazima itokane na gharama zilizopanda. Nikamtafuta fundi humo. Hayumo. Sheria inahusu bidhaa, na kupunguza koti si bidhaa. Basi kwa nini bunge lilirudi kwenye jambo hilohilo miaka miwili baadaye?

Sheria ya 1941 inajieleza kwa jina lake: udhibiti wa bei za bidhaa na huduma. Fundi sasa angeweza kuguswa. Na mwaka huohuo, tarehe 1 Juni, nguo zilianza kuuzwa kwa kuponi, 66 kwa mtu kwa mwaka. Suti ya sufu yenye kizibao peke yake ilimeza 26. Kurekebisha nguo kuukuu hakukula kuponi. Watu wangekimbilia wapi kama si kwenye cherehani?

Kwa nguo mpya serikali ilijua la kufanya. Zenye alama ya CC41 zilishonwa kwa vitambaa vya viwango maalumu, hivyo bei ya juu kabisa ikawekwa tangu kiwandani hadi dukani. Lakini koti kuukuu halina kiwango. Moja limeoza bitana, jingine linataka kufumuliwa lote na kugeuzwa, upande wa ndani uwe nje. Karani gani angeipima kazi hiyo akiwa mezani kwake?

Ipo pia simulizi inayopendwa kuliko zote. Mwaka 1942 kanuni zilipunguza mifuko ya suti na kupiga marufuku mikunjo ya nje miguuni mwa suruali. Inasemwa wanaume walinunua suruali ndefu makusudi, wakaenda kuzikunja nyumbani. Naiamini nusu. Ujanja ulikuwepo, na sindano ya nyumbani haina mkaguzi. Ila wasimulizi hawamtaji aliyeishika sindano hiyo, na sidhani kama alikuwa bwana mwenye suruali. Kama kitambaa kilitumika vilevile, kanuni iliokoa nini?

Si kikubwa, nadhani: mwanzoni mwa 1944 vikwazo hivyo vya suti za kiume viliondolewa. Na kabla ya hapo, 1943, serikali ilikwisha kutoa kijitabu cha kuwafundisha raia kutia viraka na kugeuza nguo wenyewe. Hukumu yangu ni kwamba kijitabu hicho kilimbana fundi kuliko sheria yoyote ya bei, maana kilimwondolea mteja. Kuponi za nguo zilifutwa tarehe 15 Machi 1949, karibu miaka minne baada ya vita kwisha.