Kreatini na Kreatinini: Chupa Ilisema Nusu

Mwaka 1832 mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul alipata kreatini katika supu ya nyama. Miaka 15 baadaye Mjerumani Justus von Liebig aliikuta katika nyama ya wanyama wengi, akaichemsha pamoja na asidi kali, ikapoteza maji na kugeuka dutu nyingine, kreatinini. Basi anayedai kuwa tofauti kati ya hizo mbili ilijulikana tangu 1847 ana haki, ila ni haki ya chupani. Liebig alijua namna ya kuitoa moja katika nyingine. Kila moja ina kazi gani mwilini, nyama iliyokufa haikuweza kumwambia. Jibu lilianza kuja watafiti walipogeukia mkojo wa watu walio hai.

Mwaka 1886 Max Jaffe aligundua kwamba asidi ya pikriki huipa kreatinini rangi ya chungwa iliyokolea. Otto Folin, Mswidi aliyehamia Marekani, akaifanya rangi hiyo kipimo. Katika utafiti aliouchapisha 1905, aliwalisha watu protini kwa wingi, kisha wanga na krimu bila nyama. Urea, taka ya protini, ikashuka mno, kreatinini ikabaki karibu vilevile kwa kila mtu. Kumbe haikutegemea sahani ya siku hiyo. Ilitoka katika misuli yenyewe. Wapo watakaosema msingi huu ni dhaifu, kwa kuwa asidi ile hupaka rangi vitu vingine pia. Ni kweli, na katika damu kasoro hiyo husumbua, maana sukari na protini huingilia. Lakini mkojo una kreatinini nyingi kiasi cha kuyafunika hayo. Upande wa kreatini ulianza kueleweka 1927, fosfokreatini ilipogunduliwa Uingereza, na pia Marekani na Cyrus Fiske na Yellapragada Subbarow: kreatini hubeba akiba ya nguvu ambayo msuli huichota mara moja unapojikaza. Kreatinini haina kazi yoyote. Kiasi cha asilimia 2 ya kreatini hugeuka kreatinini kila siku, bila kimeng'enya, na figo huitoa.

Kwa hiyo kreatinini ya damu, kipimo cha figo tunachokitegemea leo, inapima misuli pia, jambo ambalo naona husahaulika upesi. Daktari akisoma kreatinini ya mnyanyua vyuma anayekunywa unga wa kreatini, na ya bibi kizee aliyekonda, kwa kiwango kimoja, anaweza kumshuku mwenye figo nzima na kumruhusu mgonjwa arudi nyumbani.