Kalibri kubwa ao kartushi ndogo? Somo toka Karamoja na Lado



Watu wengi wanafikiri bunduki nzuri ni ile yenye tundu kubwa na mlio wa kutisha. Lakini leo, wale wanaoshindana kupiga shabaha ya mbali wanachukua mtutu mzito sana na kartushi ndogo, mara nyingi ya milimeta 6 ao 6.5. Juu ya nini? Sehemu moja ya jibu iko hapa hapa mu Afrika yetu, kwa wawindaji wa tembo.

Miaka ya 1870, baruti ilikuwa bado ile nyeusi, yenye moshi mwingi. Haikuweza kusukuma risasi kwa mwendo mkali. Kama mwendo ni mdogo, unabaki na njia moja tu: kuongeza uzito wa risasi. Njo maana Mwingereza Frederick Selous aliwinda tembo kusini mwa Afrika na bunduki za risasi yenye gramu zaidi ya 100. Bunduki ya namna ile inamupiga tembo, inamupiga na mwenyewe. Baadaye Selous aliandika kwamba anajuta kuzitumia, sababu teke lake lilimuharibia utulivu wa kupiga.

Mu 1884, Mfaransa Paul Vieille akatengeneza baruti isiyo na moshi. Hapo hesabu ikageuka. Risasi nyembamba ya milimeta 7 ikaweza kwenda karibu mita 700 kwa sekunde. Tukumbuke fizikia ya sekondari: nguvu ya risasi inafuata mwendo mara mwendo. Teke la bunduki, lenyewe, linafuata uzito wa risasi na wa baruti mara mwendo, halafu linapungua kadiri bunduki ni nzito. Kwa hiyo risasi ndogo ya mwendo mkali inafika mbali bila kuvunja bega.

Mtu aliyeonyesha jambo hilo wazi ni Walter Bell, Mskoti aliyezaliwa 1880. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 aliwinda Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda, halafu Lado, magharibi ya mto Nile, eneo lililokuwa mikononi mwa mfalme Léopold II wa Ubelgiji mpaka kifo chake mu 1909. Wenzake wengine walibeba bunduki nzito, risasi moja gramu karibu 48. Bell, kwa sehemu kubwa, alitumia bunduki nyepesi ya milimeta 7, risasi gramu 11 hivi, iliyovishwa ganda gumu ili isipasuke mu mfupa. Na tena, alipasua vichwa vya tembo waliokufa ili ajue ubongo unakaa wapi, ukitazamwa kutoka kila upande. Sisi wa agronomia tunaelewa haraka: mifuko kumi ya mbolea haina faida kama haifiki ku mizizi.

Sasa mtu atauliza: kama Bell alipenda bunduki nyepesi, mbona mshindani wa leo anataka nzito? Ni kazi njo inaamua. Bell alitembea kwa miguu siku nzima nyuma ya tembo, na kila kilo ilimuchosha. Mshindani anatembea kidogo, halafu analala chini na kupiga mara nyingi. Mtutu mzito unachelewa kupata joto, hautikisiki ovyo, na unameza teke, mpaka mwenyewe anaweza kuona risasi yake imeangukia wapi. Lakini ku kartushi, wote wawili wanakubaliana: chukua ile ambayo bega lako haliiogopi. Mtu anayengojea teke anafunga macho na kuvuta mkono mbele ya risasi kutoka, na hapo hata mtutu wa bei gani haumusaidii.

Tusimalizie hapo lakini. Bell aliua tembo zaidi ya 1,000. Ujuzi ulikuwa safi, hesabu ilikuwa sawa, na pembe zilikwenda kuuzwa. Karibu na Lado ya zamani, upande wetu wa Haut-Uele, kuna hifadhi ya Garamba, iliyoanzishwa 1938. Miaka ya 1970 ilikuwa na tembo zaidi ya 20,000. Leo hawafiki 2,000. Waliowamaliza hawa ni majangili wenye silaha za vita, si Bell, lakini soko la pembe ni lile lile.

Sisi wenye licence tunafundishwa kuchagua chombo kinachofaa kazi: mbegu, trakta, dawa ya wadudu. Ni vizuri. Lakini chombo kikichaguliwa vizuri kinamaliza kazi haraka zaidi, hata kazi mbaya. Tembo wa Lado hawakuangamizwa na ujinga. Waliuawa na watu waliojua kazi yao vizuri.