Soul katika Kumbukumbu za Buha

Muziki wa soul, yaani ule ulioibuka miongoni mwa Wamarekani Weusi katika miaka ya 1950 kwa kuchanganya uimbaji wa kanisani na midundo ya dansi ya mijini, umeandikiwa historia nchini Tanzania hasa kwa sababu ulipigwa marufuku. Mwezi wa Novemba 1969, wakati Operesheni Vijana, kampeni ya Umoja wa Vijana wa TANU dhidi ya sketi fupi, mawigi na suruali za kubana, ikikaribia kutimiza mwaka mmoja, viongozi wa Mkoa wa Pwani, uliojumuisha Dar es Salaam wakati huo, waliukataza. Magazeti yaliandika, wasomaji wakabishana kwa barua, na mabishano hayo ndiyo yanayosomwa na wanahistoria hadi leo. Lakini Kasulu na Kibondo, katika nyanda za juu za Buha, hazikuwa na gazeti wala ukumbi wa kugombaniwa, na kwa hiyo wapenzi wa muziki wa huko hawaonekani katika nyaraka hizo.

Haifuati kwamba Buha ilikuwa kiziwi. Kwa miongo mingi vijana wa Kiha walikwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga wakiwa manamba, yaani vibarua wa mkataba. Reli ya kati ilikuwa imefika Kigoma tangu 1914. Na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika ilikuwapo Zaire, ambayo muziki wake ulipendwa kote Afrika Mashariki.

Ni Zaire hiyo iliyoandaa onyesho ambalo linastahili kutajwa kuliko mengine yote ya aina yake katika eneo hili. Kuanzia tarehe 22 hadi 24 Septemba 1974, James Brown, B.B. King na Bill Withers walipanda jukwaa moja mjini Kinshasa na Miriam Makeba, Franco na Tabu Ley, katika tamasha lililokusudiwa kutangulia pambano la ndondi la Muhammad Ali na George Foreman, pambano ambalo hatimaye lilisogezwa hadi tarehe 30 Oktoba kwa sababu Foreman alichanika juu ya jicho akiwa mazoezini. Tamasha hilo lilipigwa picha kwa wingi, na bado filamu yake kamili, Soul Power, haikutoka hadi 2008, huku rekodi za wanamuziki wa Kiafrika zikisubiri hadi 2017.

Ikiwa tukio lililozungukwa na kamera lilifichika kwa miaka 34, mzee wa Kibondo hawezi kulaumiwa akichanganya sauti aliyoisikia redioni na dansi aliyoihudhuria, au bendi ya Dar es Salaam na ya Kinshasa. Mtafiti atakayemhoji atapata machache kwa kumdai tarehe, lakini atapata mengi akiuliza kama jambo hilo lilitokea kabla au baada ya familia kuhamishiwa kijijini, kwa kuwa operesheni ya vijiji ilianza mkoani Kigoma mwaka 1972, au kama lilitokea kabla ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Mahojiano hayo yanapaswa kuanza sasa, na yawafikie pia wakimbizi wa Kikongo waliomo kambini Nyarugusu, wilayani Kasulu, tangu 1996, kwani kijana aliyekuwa na miaka 20 wakati wa tamasha la Kinshasa amekwisha kupita 70.