Kurejesha kontena la seva katika hali ya awali: Yanayofaa kuzingatiwa

WAHENGA walinena kuwa maji yakimwagika hayazoleki. Katika ulimwengu wa tarakilishi, hata hivyo, fundi aliyejitayarisha mapema anaweza kuyazoa, ingawa aghalabu hayarudi yote.

Mnamo Januari 31, 2017, fundi wa kampuni ya GitLab, ambayo huwahifadhia watayarishaji wa programu kazi zao, alikuwa akirekebisha seva ya pili ya hifadhidata. Kwa bahati mbaya, alitoa amri ya kufuta data kwenye seva kuu. Aling'amua kosa lake baada ya sekunde moja au mbili, lakini tayari takriban gigabaiti 300 zilikuwa zimetoweka.

Nakala za akiba za kila siku zilipotafutwa, ilibainika kuwa hazikuwa zikitengenezwa, na barua-pepe za kuonya kuhusu hitilafu hiyo zilikuwa zikikataliwa. Kilichoinusuru kampuni hiyo ni picha ya hali ya diski iliyopigwa takriban saa sita kabla ya mkasa. Yote yaliyoingizwa kwenye hifadhidata baada ya hapo yalipotea, zikiwemo akaunti mpya zipatazo 700.

Seva hiyo haikuwa kontena, lakini kanuni ni ile ile.

Kontena ni nini?

Kontena ni sehemu ya seva iliyotengwa, yenye faili, programu na watumiaji wake, lakini inayotegemea kiini kimoja cha mfumo wa uendeshaji pamoja na makontena mengine. Ni mfano wa vyumba vya kupangisha katika ploti moja: kila mpangaji ana mlango na kufuli yake, ila msingi ni wa wote. Katika mfumo wa Linux, teknolojia ya LXC ilianza mwaka wa 2008, nayo Docker ikafuata 2013.

Picha ya hali si nakala kamili ya faili. Katika mfumo wa kuhifadhi data wa ZFS, uliozinduliwa na Sun Microsystems mwaka wa 2005, data mpya huandikwa pahali pengine huku ile ya zamani ikiachwa ilipo. Ndiyo maana picha hupigwa kwa muda mfupi mno na mwanzoni haichukui nafasi kubwa. Kadiri mabadiliko yanavyozidi, ndivyo inavyozidi kula diski.

Hatua za kufuata

Kwanza, fundi athibitishe kwamba yumo katika seva na kontena analolikusudia. Kosa la GitLab lilianzia hapa.

Pili, atazame orodha ya picha zilizopo na saa zilipopigwa. Picha inayofaa ni ya mwisho kabla ya hitilafu kutokea.

Tatu, atoe nakala ya data iliyoingia baada ya picha hiyo na kuiweka katika mashine nyingine. Kurejesha hali hufuta kila kilichoandikwa tangu picha ipigwe, kizuri kwa kibaya.

Nne, alisimamishe kontena, kisha atoe amri ya kurejesha. Katika mfumo wa Proxmox, amri hiyo ni pct rollback, ikifuatwa na nambari ya kontena na jina la picha. Baadaye aliwashe na kukagua huduma zote kabla ya kuwafungulia watumiaji.

Iwapo kilichopotea ni faili moja tu, hakuna haja ya kurudisha nyuma kontena zima. ZFS humruhusu fundi kuingia ndani ya picha na kunakili faili hiyo pekee.

Mitego

Katika ZFS, kurudi kwenye picha ya zamani hulazimu picha zote zilizofuata zifutwe. Proxmox inapotumia ZFS hukubali kurudi kwenye picha ya mwisho pekee.

Kadhalika, saraka za seva mama zilizounganishwa na kontena hazimo katika picha. Kwa watumiaji wa Docker, kurudia toleo la zamani la programu hakurudishi nyuma data iliyo katika hifadhi za nje ya kontena.

Isitoshe, ulimwengu wa nje haurudi nyuma. Mathalani, mteja aliyelipa kwa simu saa nne asubuhi hatarudishiwa pesa zake kwa sababu duka la mtandaoni limerejeshwa katika hali ya saa tatu. Duka ndilo litakalosahau kwamba alilipa, na sharti malipo hayo yasawazishwe kwa mkono. Mianya ya kiusalama iliyokuwa imezibwa baada ya picha kupigwa nayo hufunguka upya.

Zaidi ya yote, picha iliyo katika diski ile ile si nakala ya akiba. Diski ikiharibika, picha nayo huangamia. Mnamo Machi 10, 2021, moto uliteketeza kituo cha data cha kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa, na wateja ambao hawakuwa na nakala kwingine walipoteza data yao.

Kwa hivyo, nakala moja ihifadhiwe mbali na seva, na urejeshaji ufanyiwe majaribio mara kwa mara wakati mambo yangali shwari. Tahadhari kabla ya hatari.